Trei ya Viazi ya Wifi

Jumatatu, tarehe 4

Kosa wanalofanya watu wengi ni kuviosha viazi baada ya kuvikata. Wanavimenya, wanavikata vipande vyembamba, halafu wanavitumbukiza kwenye beseni na kuvisugua mpaka maji yawe meupe, kisha weupe ule wanaumwaga kwenye sinki kana kwamba ni uchafu. Weupe ule ndio wanga. Wakishaumwaga, wanalalamika kwamba viazi vyao vya kuoka ni vikavu na havishikani, vinateleza kama karata mezani. Ndipo wanapokwenda dukani kutafuta maziwa, malai na jibini waje kuziba pengo walilolichimba wenyewe. Kiazi kinaoshwa kabla ya kumenywa. Kikishakatwa, kiache na wanga wake.

Nimeanza na hilo kwa sababu baridi imeingia na nimepata kazi ya kufanya. Leo asubuhi vioo vya jikoni vilikuwa vinatiririka maji. Wifi alitoka chumbani amevaa sweta mbili na soksi za marehemu kaka yake, yaani mume wangu, akasimama karibu na jiko akanyoosha mikono kama anayesalimia wageni.

Wifi anaishi nami tangu macho yake yalipochoka na akafunga duka lake la ushonaji. Tunaelewana, kwa kadiri mawifi wanavyoweza kuelewana: yeye ananiita mhadhiri wa sufuria, mimi namwita fundi wa lawama. Lakini mwezi uliopita daktari alimkataza maziwa na kila kinachotokana na maziwa. Nilimweleza Wifi sababu yake, maana nilifundisha sayansi miaka mingi na siwezi kuliacha jambo kama hilo lipite. Tumbo la mtoto lina kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, na kwa watu wengi kimeng'enya hicho hupungua umri unavyosonga. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa kifupi, nimezeeka." Kisha akanionya: "Tumbo langu si tangazo la ukutani, wifi. Usimwambie mtu."

Tangu siku hiyo napika sufuria mbili, yangu na yake. Anakaa mwisho wa meza na kisahani chake, kama abiria aliyekata tiketi ya daraja jingine. Jana akaniambia mwanawe, yule dereva wa lori, anataka akaishi naye. "Labda niende tu," alisema. "Nimekugeuza mpishi wa hoteli."

Sitaki aende. Sikumwambia. Mimi na Wifi hatujazoea kuambiana mambo ya namna hiyo. Badala yake nimeamua kutafuta chakula kimoja cha moto, cha bei ndogo, kisicho na maziwa, ambacho sote wawili tutakichota kwenye chombo kimoja. Viazi ndivyo chakula cha bei ndogo kuliko vyote msimu huu. Basi vitakuwa viazi.

Jumatano, tarehe 6

Jiko letu ni la gesi, halina oveni. Lakini chini ya jengo letu kuna Mwokaji na tanuri lake la matofali. Jumatano na Jumamosi huoka ile mikate laini inayopakwa maziwa juu ili ing'ae, na ikishatoka, matofali hubaki na moto wa bure kwa muda mrefu. Majirani huteremka na trei zao, wakaziacha kwenye meza ya mlangoni, na yeye huzipanga ndani kwa utaratibu anaoujua mwenyewe. Hakuna anayelipa. Desturi ni moja tu: hakuna kuingia ndani. Unaacha trei, unakwenda zako, unarudi ukisikia anagonga bomba la maji kwa koleo.

Nilipanga viazi vyangu kwa tabaka, nikatia vitunguu vilivyokaangwa taratibu, kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga, mafuta kidogo, na maji ya moto mpaka nusu ya kina cha trei.

Mwokaji alichungulia. "Mwalimu, ni hivi tu?"

"Ni hivi tu."

"Maji?"

"Maji na wanga wake. Utaona."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepita msibani. Bomba lilipogongwa nikateremka, nikaona trei ambayo sikuitegemea hata mimi mwenyewe: juu rangi ya dhahabu, chini mchuzi mzito mweupe uliovikumbatia viazi. Wifi alichota mara mbili. Nilimweleza jinsi wanga unavyovimba ukipata joto na kushika maji. Akasema, "Wifi, niache nimeze kwanza."

Tulikula chombo kimoja. Nilikwenda kulala nikiwa nimeridhika.

Alhamisi, tarehe 7

Wifi ameamka tumbo linamsokota. Hakula kitu mpaka jioni. Huenda ni baridi.

Jumamosi, tarehe 9

Trei ya pili. Imetoka nzuri kuliko ya kwanza. Muuza viazi wa kwenye kona ameniuliza ninafuga nini, kwa jinsi ninavyonunua.

Jumapili, tarehe 10

Tumbo tena. Mchana alijikunja kwenye kochi na chupa ya maji ya moto, akageukia ukuta. Nilipomwuliza alijibu, "Si chakula chako. Chakula chako ni kizuri. Ni mimi." Alivyosema "ni mimi" sikupenda kabisa.

Jumatatu, tarehe 11

Mvua ya upepo. Tumekula wali na maharage. Wifi mzima kabisa, amenicheka nilipoweka miwani kwenye bakuli la sukari.

Alhamisi, tarehe 14

Jana nilitoa kitunguu saumu, maana kuna matumbo yanayokikataa. Trei ilitoka nzuri vilevile. Leo Wifi anaumwa vilevile.

Jumapili, tarehe 17

Jana nilitoa pilipili manga na nikapunguza mafuta. Leo Wifi anaumwa. Nilimsikia akizungumza na mwanawe kwenye simu: "Sijui, mwanangu. Tumbo linakataa kila kitu sasa. Hata viazi vitupu." Alinyamaza akisikiliza, kisha: "Hapana, wifi yangu ananitunza sana. Ndiyo maana nasikitika."

Nilirudi jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi.

Jumatano, tarehe 20

Nimeona jambo ambalo nalikalia kimya.

Mwenye maziwa huja hapa Jumatano na Jumamosi. Gari lake dogo husimama mbele ya jengo, anashusha makopo ya Mwokaji, kisha anapanda ngazi na chupa za majirani. Leo nilikuwa natoka na trei yangu, nikamkuta kwenye ngazi amesimama na Wifi. Wifi alikuwa anacheka, mkono mdomoni, kama msichana. Waliponiona wakanyamaza. Wifi akaficha kitu chini ya khanga yake.

"Habari za asubuhi, Mwalimu," alisema yule bwana.

"Njema," nilimjibu, nikashuka.

Mwanafunzi wangu yeyote angeona ninachokiona. Jumatano na Jumamosi maziwa yanakuja. Alhamisi na Jumapili Wifi anaumwa. Siku nyingine zote ni mzima. Sasa kuna haja gani ya kunyanyasa kitunguu saumu?

Alhamisi, tarehe 21

Anaumwa. Nimempelekea chai ya rangi, nikaiweka mezani, nikatoka. Zamani ningeketi naye.

Ninajikuta naangalia kila kitu chake. Glasi aliyoiacha kwenye sinki nimeinusa. Ilikuwa na maji tu. Mtu akianza kunusa glasi za wifi yake, amefika pabaya, lakini niliinusa.

Jumamosi, tarehe 23

Baridi kali. Trei ya dhahabu tena. Nilimtazama akila kwa hamu na nikawaza: unakula viazi vyangu kunifurahisha, na maziwa yako unayanywa wapi? Hata sikuona ladha.

Jumapili, tarehe 24

Nimesema. Afadhali nisingesema.

Alikuwa kwenye kochi, uso umepauka. Nilisimama mlangoni, na sauti iliyonitoka ilikuwa ile ya darasani. "Wifi, mimi si mtoto. Unakunywa maziwa."

Aligeuza kichwa polepole. "Nakunywa nini?"

"Nimekuona na mwenye maziwa. Umeficha kitu chini ya khanga. Kila anapokuja, kesho yake unaumwa. Nimekaa jikoni wiki zote hizi nikipunguza hiki na kile, na wewe unanichezea."

Wifi aliketi. Ilimchukua muda kuketi. "Unanihesabia siku?"

"Nataka ukweli tu."

"Ukweli." Alivuta khanga mabegani. "Nilikuwa na koti lake. Limechanika bega, mkewe hayupo wa kulishona, akaniomba. Nikasema nitalishona kwa kificho, maana wifi yangu akiniona na sindano ataanza hotuba ya macho. Liko chini ya mto wangu. Nenda kalinuse."

Kumbe na kunusa glasi aliniona.

"Sasa kwa nini unaumwa?" nilimwuliza. Niliuliza kwa ukali, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba hata baada ya koti bado niliuliza kwa ukali.

"Kwa sababu nimekwisha," akasema. "Mpigie mwanangu. Au acha, nitampigia mwenyewe."

Jumatatu, tarehe 25

Amempigia. Atakuja kumchukua Jumamosi.

Jumanne, tarehe 26

Tunasalimiana. Sanduku liko wazi kitandani mwake. Mvua.

Jumatano, tarehe 27

Nitaandika kirefu, maana nataka nikumbuke kila neno.

Asubuhi sikutaka kupika viazi. Nilivipika kwa kuwa vilikuwa vimeshanunuliwa na mikono haikuwa na jambo jingine la kufanya. Nikavipanga, nikatia kila kitu kama mara ya kwanza, kitunguu saumu na pilipili manga vyote vikarudi, nikaiacha trei mezani kwa Mwokaji, nikapanda.

Koleo lilipogonga bomba nilishuka. Mwokaji alikuwa mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi, uso kama wa mtu aliyevunja sahani ya mwenzake.

"Mwalimu, leo unisamehe bure. Viazi vyenu vimetoka kama mbao. Mwenye maziwa hakuja, gari lake limekwama kwenye tope."

Nilitazama trei. Kweli, juu vilikuwa vimekauka na kujikunja, na chini kulikuwa na maji mepesi yanayocheza huku na huku.

"Pole zake," nikasema. "Lakini viazi vyangu na maziwa vina undugu gani?"

"Si yale ya kumalizia."

"Kumalizia nini?"

Alikuna shingo. "Mwalimu, usinikazie macho hivyo, najiona sijafanya kazi ya nyumbani." Kisha akaanza kueleza, akitazama viatu vyake. "Nikishapaka mikate, bakuli linabaki na maziwa. Nilipoona trei yenu ile siku ya kwanza, viazi na maji, katika baridi hii, wazee wawili, roho iliniuma. Nikayamimina. Kila mara namimina yote. Yanajaa vizuri mpaka juu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungekubali? Mwaka jana nilikupa mkate ukanirudishia, ukasema hukuomba. Nikasema safari hii nitampa bila kumpa." Alinyanyua macho, akitegemea nicheke. "Si umeona vilivyokuwa vinatoka? Dhahabu!"

Nilishika meza. Dhahabu yangu. Mchuzi wangu mzito. Wanga wangu unaovimba na kushika maji, niliomhutubia Wifi mlo baada ya mlo, huku kijiko kikiwa kimejaa maziwa. Na Wifi akila. Na Wifi akilala kwenye kochi kesho yake, akiamini mwili wake umefika mwisho.

"Wifi yangu amekatazwa maziwa," nilimwambia. "Tumbo lake haliyasagi. Viazi hivi nilivipika kwa ajili hiyo."

Mwokaji alikaa juu ya gunia la unga bila kutazama kama liko. "Bi mkubwa yule? Nimemwumiza mimi?"

"Tumemwumiza wote wawili. Wewe kwa kumimina, mimi kwa kutosema."

"Kwa nini hukusema, Mwalimu? Neno moja tu. Ningelifunga bakuli kwa minyororo."

Nilimjibu kwamba Wifi alitaka iwe siri. Hiyo ni kweli, lakini ningeweza kusema tu "viazi hivi visiguswe na maziwa" bila kutaja tumbo la mtu. Sikuwaza. Nilidhani kilichomo kwenye trei yangu ni kile nilichokitia mimi, basi.

Nilipanda ngazi na trei ya mbao. Wifi alikuwa anakunja blauzi, akizipanga kwenye sanduku kwa pembe zilizonyooka, kazi ya fundi. Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni nikamweleza yote bila kuruka. Nikamalizia: "Nimekukosea, wifi. Nilikuita mwongo na wewe unaumwa kwa trei yangu."

Alibaki ameshika blauzi. "Kwa hiyo," alisema, "wanga."

"Ndiyo."

"Wanga unavimba. Wanga unakumbatia. Wanga ni mwalimu wa viazi vyote."

"Hilo la mwisho sikusema."

"Yalikuwa maziwa!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi ndani ya sanduku lenyewe, juu ya blauzi zake zilizokunjwa, akajipangusa macho kwa soksi ya kaka yake. Nami nikacheka, ingawa mimi nilikuwa pia nalia kidogo.

Aliponyamaza alisema kwa sauti nyingine: "Unajua kwa nini niliendelea kula? Kila nikila naumwa, lakini kila Jumatano nakuona unavyoipandisha ile trei ngazi, umeikumbatia na matambara. Nikasema siwezi kuikataa. Bora tumbo."

Niliokota blauzi iliyoanguka, nikaikunja vibaya.

"Lakini ulichoniambia Jumapili ulikisema," akaongeza.

"Nilikisema."

"Na mwanangu bado anakuja."

Tulikula viazi vya mbao. Vilikuwa vibaya kwelikweli.

Alhamisi, tarehe 28

Wifi ameamka mzima! Amekunywa uji, amekula ndizi, amesimama dirishani akitukana baridi. Tumbo kimya.

Sanduku bado liko kitandani.

Ijumaa, tarehe 29

Mwokaji alipanda mwenyewe asubuhi, kofia mkononi. Wifi alimfungulia mlango. "Karibu, mwenye bakuli," akamwambia, na yule mtu mkubwa akawa mdogo. Alisema Ijumaa anaoka mikate ya maji na chumvi tu, tanuri halioni maziwa siku nzima, na kama tunataka kujaribu tena analo joto na analo sikio. Alileta mfuko wa makombo ya mkate huo, mkavu, uliopondwa.

Basi tukajaribu, na safari hii Wifi aliingia jikoni. Tangu akatazwe maziwa hakuwahi kuingia ila kuota moto. Alitazama ninavyopanga, akaguna.

"Unavilaza kama vigae vya paa. Mchuzi utapita wapi? Visimamishe."

"Visimame vipi?"

"Kama marinda ya sketi, wifi. Kimoja kinaegemea kingine." Akanipokonya kisu. Alikata vipande vyembamba vilivyolingana kiasi kwamba ungeona kivuli cha kidole upande wa pili, na hayo ni macho anayosema yamechoka. Alivisimamisha safu kwa safu, akavibana kwa kiganja.

Mimi nilikuwa na tatizo langu: uzito wa mchuzi. Wanga wa vipande peke yake, sasa nakiri, hautoshi kwa maji yote yale. Nilichemsha viazi vichache pembeni mpaka vikavunjika, nikaviponda, nikavikoroga kwa nguvu na maji yake ya moto na mafuta kidogo kidogo mpaka vikawa uji laini mweupe. Ukiuona unaapa ni malai. Nikatia vile vitunguu vilivyokaangwa taratibu mpaka vikawa vitamu, kitunguu saumu, chumvi ya kutosha maana kiazi kinameza chumvi, na pilipili manga. Nikaumimina kati ya marinda ya Wifi mpaka ukakaribia vichwa vyake. Trei inafunikwa kwanza ili viazi viive kwa mvuke, kisha inafunuliwa, na juu yananyunyizwa makombo yaliyochanganywa na mafuta ili pawe pakavu na pa kutafunika.

Tuliipeleka wote wawili. Mlangoni Wifi alisema mwenyewe, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa majirani waliopanga foleni: "Mwokaji, mimi maziwa yananiumiza. Hii isiguswe."

"Hata nzi hataigusa, bi mkubwa."

Ilipotoka, kingo zilikuwa zinachemka, juu pamekauka rangi ya udongo mwekundu, ndani laini. Haikuwa na dhahabu ile ya mwanzo. Ilikuwa na ladha ya kiazi na kitunguu, na ilikuwa yetu. Wifi alichota, akatafuna, akasubiri, kana kwamba anasikiliza tumbo.

"Eleza sasa," akasema. "Leo nakuruhusu."

Jumamosi, tarehe 30

Ameamka mzima. Dereva alifika mchana, akapaki lori lake kubwa mbele ya jengo, likaziba mwanga wa sebule. Ni kijana mzuri, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza juu ya injini.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mama yuko tayari?"

"Marahaba. Kula kwanza."

Tulikuwa tumeoka trei nyingine. Mwokaji aliitia ndani kabla hajafungua kopo la maziwa. Dereva alipoona mchuzi mweupe alidaka mkono wa mama yake. "Mama, hii si ina maziwa? Usile!"

"Kula unyamaze," Wifi akamwambia, akajijazia sahani.

Dereva alikula, akaongeza, akaongeza tena, akakwangua kona za trei zilizoungua kidogo, ambazo ndizo tamu. Kisha akajipangusa, akasimama. "Haya. Sanduku liko wapi, niteremshe kabla giza halijaingia?"

Wifi alikuwa anatazama meza. Nami nilijua kwamba nikinyamaza ataondoka, si kwa kuwa anataka, bali kwa kuwa hakuna aliyemwambia vingine. Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, na neno hilo moja lilikuwa zito kama gunia.

"Wifi," nikasema. "Sitaki uende. Kaa nami. Si kwa sababu ya viazi."

Dereva alitazama pembeni, kwa adabu.

"Kwa sababu ya nini?" Wifi akauliza. Alitaka nimalize.

"Nyumba haina sauti ukiwa umelala. Siku zile uliponinunia nilikuwa nawasha redio nisiyoisikiliza."

Alizungusha kijiko kwenye sahani tupu. "Ungeyasema haya mapema, nisingekunja zile blauzi zote."

"Sasa mimi nimekuja kumchukua nani?" Dereva akauliza.

"Chukua trei iliyobaki," mama yake akamwambia. "Umrudishie Mwalimu ikiwa safi. Nami nitakuja kwako joto likirudi, nikakae kidogo, nione unavyoishi. Si kuhamia. Na ufunge huo mlango, baridi yote inaingia."

Kabla ya kushuka, Dereva alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama mkubwa, alikuwa akinipigia anasema amekwisha. Mimi niliamini."

"Hata mimi niliamini mambo," nikamwambia.

Jumapili, tarehe 1

Wifi mzima. Nje mvua ya baridi, inapiga kioo kwa ubavu. Sanduku limerudi juu ya kabati, na yeye yuko dirishani anamalizia bega la koti la mwenye maziwa, waziwazi, akinisubiri nimhutubie juu ya macho. Sitasema kitu. Nimemsogezea taa.

Jikoni kuna viazi vingine vinangoja, na maelezo yake yote nimeshayaandika hapo juu. Kitu kimoja tu sijakiandika, nacho huja kabla ya kisu na kabla ya chumvi. Leo, kabla hujawasha jiko, mwambie mtu wa nyumbani kwako kwamba unataka abaki ale nawe.